Kutafuta asili si kutafuta maadui

Wahenga walinena kwamba mwacha asili ni mtumwa. Sidhani kama yupo mwanafunzi wa Kenya aliyemaliza shule bila kuitumia methali hiyo katika insha walau mara moja, na sidhani kama yupo mwalimu aliyeisoma bila kuitilia alama ya sahihi. Hata hivyo, ni wachache miongoni mwetu wanaojisumbua kuuliza swali linalofuata. Hiyo asili tunayoonywa tusiiache, tunaijuaje? Nani alitusimulia, naye alisimuliwa na nani? Na je, aliyetusimulia alikuwa na ushahidi, au alikuwa na sababu zake?

Kwa mkazi wa Sachangwan swali hili si la mchezo. Mahali hapa pako kando ya barabara kuu itokayo Nakuru kwenda Eldoret, baada ya kupita Salgaa na kabla ya kufika Mau Summit, ambako malori hupanda mlima yakinguruma na kuteremka kwa hofu. Katika nyanda hizi za Molo, Kuresoi na Njoro, swali la "kwenu ni wapi?" limewahi kuulizwa na watu walioshika mapanga na mishale. Liliulizwa 1992, likaulizwa tena mwanzoni mwa 1998, na likarudi kwa kishindo baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Ambaye jibu lake halikuwaridhisha waulizaji alipoteza nyumba, mifugo, au roho yake.

Kwa sababu hiyo, wako walimu wanaoona kuwa ni heri darasa lisiyaguse mambo ya koo na chimbuko. Wanasema kidonda kinachopona hakichokonolewi. Nawaelewa, lakini siafikiani nao. Swali likikimbiwa na mwalimu litaokotwa na mwanasiasa, naye hatalijibu kwa ushahidi. Ninavyoona mimi, tiba ya uongo juu ya asili ni kuitafuta asili kwa bidii na kwa njia iliyo safi. Anayeitafuta hivyo hukuta mambo yanayowaaibisha wale waliozoea kuwagawa watu katika wenyeji na wageni.

Nitaanza mbali kidogo, huko Marekani, kwa kisa cha mtu ambaye sisi Wakenya tumezoea kumwita mwana wetu.

Barack Obama alizaliwa Honolulu tarehe 4 Agosti 1961, akaiongoza Marekani tangu 2009 hadi 2017. Baba yake, ambaye pia aliitwa Barack Obama, aliondoka Kenya 1959 kwenda kusoma katika Chuo Kikuu cha Hawaii. Mama yake, Stanley Ann Dunham, alikuwa Mzungu, mzaliwa wa Wichita katika jimbo la Kansas mwaka 1942. Kwa hiyo, upande wa baba, historia ya ukoo huu katika ardhi ya Marekani haianzi kabla ya 1959. Ulimwengu mzima uliamini kwamba Uafrika wote uliokuwa katika damu ya rais huyo ulitoka Kogelo, na kwamba kwa mama yake mtafiti angekuta Wazungu watupu hadi Ulaya.

Mnamo Julai 2012, watafiti wa nasaba wa kampuni ya Ancestry walitangaza jambo lililowashangaza wengi. Walisema kwamba kupitia kwa mama yake, yule Mzungu wa Kansas, yaelekea sana Obama ni mzawa wa kizazi cha kumi na tatu wa Mwafrika aliyeitwa John Punch.

John Punch alikuwa mtumishi katika koloni la Virginia, wakati Waafrika walipokuwa wachache mno huko na kabla sheria haijatamka wazi kwamba mtu mweusi aweza kumilikiwa maisha. Mwaka 1640 alitoroka pamoja na watumishi wenzake wawili, mmoja Mholanzi aliyeitwa Victor na mwingine Mskoti aliyeitwa James Gregory. Wakakamatwa Maryland, wakarudishwa. Tarehe 9 Julai mahakama ikatoa hukumu. Wote watatu wachapwe viboko thelathini. Wale Wazungu wawili waongezewe mwaka mmoja wa kumtumikia bwana wao na miaka mitatu ya kulitumikia koloni. Yule wa tatu, kwa kuwa ni mtu mweusi, amtumikie bwana wake au warithi wake maisha yake yote. Kosa lilikuwa moja, bali adhabu zikawa mbili. Wanahistoria wengi huihesabu hukumu hiyo miongoni mwa hatua za kwanza za utumwa wa kisheria katika makoloni ya Kiingereza ya Amerika.

Watafiti wanaamini kwamba Punch alizaa na mwanamke Mzungu, na kwamba watoto wakafuata hali ya mama yao wakawa huru. Ukoo huo ukajulikana kwa jina la Bunch. Baadhi ya watu wake walimiliki ardhi Virginia. Vizazi vilipopita, tawi moja likawa linahesabiwa kuwa la Wazungu, na matawi mengine yakaendelea kuandikwa kama watu wa damu mchanganyiko. Mama yake Obama alitoka katika lile tawi lililohesabiwa la Wazungu. Mjomba na binamu walitenganishwa na neno moja lililoandikwa na karani.

Naomba walimu na wanafunzi waangalie jinsi kazi hiyo ilivyofanywa, maana njia yenyewe ndiyo somo. Watafiti hawakuanza na Punch kisha wakateremka kumtafutia wajukuu mashuhuri. Walianza na mtu wanayemjua, wakapanda kwa mzazi wake, wakapanda tena, kila hatua wakidai hati: ya ardhi, ya kodi, ya wosia, ya mahakama. Hati zilipokosekana, kwa kuwa kumbukumbu nyingi za Virginia za karne ile zimepotea, walitumia uchunguzi wa vinasaba. Wanaume wa ukoo wa Bunch walio hai walipimwa kinasaba ambacho baba humrithisha mwana wa kiume tu, nacho kikaonyesha asili ya Afrika. Kisha wakampa kazi yao mtaalamu asiyekuwa mmoja wao, Elizabeth Shown Mills, aikague. Na baada ya yote hayo, hawakusema ni hakika. Walisema ushahidi una nguvu, na kwamba pengo lililobaki haliwezi kuzibwa na hati yoyote iliyopo. Huo ndio uungwana wa mtafiti, kujua pale ushahidi wake unapokoma.

Ni vyema kukilinganisha kisa hicho na kingine ambacho wasomaji wa umri wangu wanakikumbuka zaidi. Mwaka 1976 mwandishi Mmarekani mweusi, Alex Haley, alichapisha kitabu cha Roots, na mwaka uliofuata kikawa mchezo wa televisheni ulioliza mamilioni. Haley alisimulia kwamba alimpata mzee wake wa kwanza wa Marekani, Kunta Kinte, aliyetekwa karibu na kijiji cha Juffure nchini Gambia na kufikishwa Amerika kwa meli mwaka 1767. Mzee mmoja wa Gambia alimsimulia nasaba ya ukoo wa Kinte, na jina likapatikana.

Baadaye wataalamu waliifuatilia kazi hiyo. Elizabeth Shown Mills, yule yule aliyekuja kukagua habari za Punch, pamoja na Gary Mills, walichapisha 1981 matokeo ya kuzipekua kumbukumbu za Virginia. Walionyesha kwamba mtumwa ambaye Haley alidai ndiye Kunta Kinte alikuwa tayari ameandikwa huko kabla meli hiyo haijafika. Wanahistoria wengine wakagundua kwamba huko Gambia watu walikwisha kujua Haley anatafuta nini kabla hajafika kijijini. Mzee akamwambia mgeni kile ambacho mgeni alitamani kukisikia. Simsuti Haley, kwani kitabu chake kiliwafanya watu wengi waliodharauliwa waone kwamba nao wana historia. Lakini somo lipo: anayekwenda kwa mzee na jibu mfukoni atarudi na jibu lile lile.

Sasa turudi Sachangwan. Je, sisi tuna nini cha kushika mkononi?

Wamarekani weusi wanaotafuta wazee wao husema kwamba wakifika 1870 wanagonga ukuta. Sensa ya mwaka huo ndiyo ya kwanza kuwaandika kwa majina watu waliokuwa watumwa. Katika orodha za watumwa za 1850 na 1860 waliandikwa kwa umri, jinsia na rangi tu, chini ya jina la mwenye kuwamiliki. Nasi tuna ukuta wetu. Serikali ya kikoloni iliandikisha wanaume Waafrika kwa kipande kuanzia 1919 na 1920. Kila mwanaume wa miaka kumi na sita na zaidi alitakiwa kuwa nacho, na wengi walikivaa shingoni ndani ya kijikasha cha chuma. Kipande kilitaja jina lake, kabila lake, alama ya kidole, mwajiri, mshahara, siku aliyoanza kazi na siku aliyoachishwa. Wazee wetu walikichukia, na walikuwa na haki, kwa sababu kilikusudiwa kuwazuia wasitoroke kazi. Hata hivyo, mjukuu akikipata leo chini ya sanduku la marehemu, atasoma mambo ambayo hakuna aliye hai awezaye kumwambia.

Historia ya nyanda hizi inasaidia kuuelewa utafiti huo. Kabla ya Mzungu, Wamaasai walilisha mifugo bondeni, na Waogiek walirina asali na kuwinda katika misitu ya Mau. Reli ilifika Nakuru 1900, ikapanda kupitia Njoro, Molo na Mau Summit, na kufika Kisumu Desemba 1901. Kwa mkataba wa 1904 Wamaasai waliondolewa kwenye malisho yao ya Bonde la Ufa ili walowezi wapewe ardhi. Walowezi walihitaji mikono ya kulima pareto, ngano na kukama ng'ombe. Wakaja Wagikuyu, Wakipsigis, Wanandi, Waluo, Waluhya, Waturkana na wengine, wakawa maskwota katika mashamba ya watu. Sheria ya 1918 ikawataka wafanye kazi siku 180 kwa mwaka ili waruhusiwe kuishi na kulima vipande vyao. Wakati wa Hali ya Hatari, Wagikuyu wengi walikusanywa na kurudishwa kwa nguvu katika maeneo ya kwao. Tangu 1962 mashamba ya walowezi yakaanza kugawanywa na kuuzwa, na watu wakaja upya, wengine kwa mpango wa serikali, wengine kwa kuchanga fedha na kununua.

Kila hatua ya safari hiyo iliacha alama. Yapo madaftari ya ubatizo katika makanisa ya zamani. Yapo madaftari ya kuwasajili wanafunzi shuleni, ambamo mara nyingi huandikwa jina la mzazi na mahali alikotoka. Zipo hati za ugawaji wa ardhi. Ipo Idara ya Nyaraka za Taifa, iliyoundwa kwa sheria ya 1965, ambayo huhifadhi ripoti za maofisa wa wilaya na mikoa. Hizo zote ni za raia, si za maprofesa peke yao.

Yapo pia mambo yasiyoandikwa. Jina la mtu ni hati ya kwanza. Kwa desturi ya Wagikuyu, mwana wa kwanza huitwa jina la babu upande wa baba na wa pili jina la babu upande wa mama, hivi kwamba majina ya ndugu wa nyumba moja yakipangwa kwa kufuatana hufunua majina ya vizazi viwili vya nyuma. Kwa Wakalenjin, mtoto akizaliwa wanawake hutaja majina ya wazee waliokufa mpaka mtoto apige chafya, na jina lililokuwa likitajwa wakati huo huwa lake. Rika nalo ni kalenda. Mzee akisema baba yake alikuwa wa Nyongi au wa Chumo, mjuzi hukadiria miaka. Na yapo matukio makuu ambayo kila kijiji kinayakumbuka: vita vya kwanza vilivyowapeleka vijana kubeba mizigo, homa kali ya 1918, nzige, mafuriko ya 1961. Bibi asiyejua mwaka aliozaliwa anajua vyema kama alikuwa ameota meno wakati huo au alikuwa anakama ng'ombe.

Haya si mambo ya kubahatisha. Profesa Bethwell Ogot aliitumia hazina kama hiyo kuandika historia ya Waluo wa kusini, kitabu kilichochapishwa 1967, na Profesa Godfrey Muriuki akafanya vivyo hivyo kwa Wagikuyu katika kitabu cha 1974. Wote wawili hawakumwamini msimulizi mmoja pekee. Walimlinganisha na msimulizi wa ukoo mwingine, tena wa kijiji cha mbali, wakaona wapi wanapatana na wapi wanapishana.

Na wakiisha kufanya hivyo wanafunzi wetu, watakuta nini? Watakuta kwamba Muriuki hakumwona Mgikuyu aliyetoka mahali pamoja. Aliona watu waliochanganyikana na wawindaji wa msituni, na Wakamba, na Wamaasai waliokuja kwao nyakati za njaa na vita. Binti Mgikuyu anayeitwa Nyokabi amebeba katika jina lake habari ya Umaasai, kwa maana Wagikuyu waliwaita Wamaasai Ukabi. Miongoni mwa Wakipsigis mna koo zinazosimulia bila haya kwamba mababu wao walikuwa Wakisii au Wamaasai waliopokewa wakawa wana wa nyumba. Hata Kipchumba na Chepchumba, majina yanayosikika kila asubuhi mwalimu anapoita daftari, yanamkumbuka Mzungu. Kijana wa Sachangwan aliyelelewa akiamini kwamba yeye ni wa damu moja tangu kuumbwa kwa dunia anaweza kugundua kwamba bibi ya babu yake alizaliwa katika lugha ya watu aliofundishwa kuwaogopa. Kama rais wa Marekani alimpata mzee wake Mwafrika katika ukoo wa mama yake Mzungu, iweje sisi tuudhike kumpata Mkisii kwa Mkipsigis, au Mmaasai kwa Mgikuyu?

Hapa najua nitapingwa. Atatokea msomaji mwenye busara aniulize: je, kusema kila mtu alitoka kwingine si njia ya kuwanyamazisha walionyang'anywa? Swali hilo ni la haki, na sitaki kulipita. Wako watu ambao historia ya ukoo kwao ni hoja ya uhai. Waogiek wa Mau walipoishtaki serikali katika Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu huko Arusha, walihitaji kuonyesha kwamba msitu ule ulikuwa makao ya wazee wao kwa vizazi vingi. Tarehe 26 Mei 2017 mahakama hiyo iliamua kwamba haki zao zilikuwa zimevunjwa, na 23 Juni 2022 ikaamuru walipwe fidia. Sioni mgongano kati ya kesi ile na ninayoyasema. Waogiek walipeleka historia yao mbele ya majaji, ikapingwa kwa hoja, ikajibiwa kwa ushahidi. Waliochoma nyumba usiku hawakumpa mtu nafasi ya kuleta ushahidi wowote. Asili iliyochunguzwa inaweza kudai haki mchana kweupe. Asili ya uvumi hungoja giza.

Kuna jambo jingine, nalo linaihusu Sachangwan kuliko mahali pengine popote nchini. Tarehe 31 Januari 2009 lori la mafuta lilipinduka hapa. Watu walikimbilia kuchota mafuta yaliyomwagika, moto ukalipuka, na zaidi ya watu 100 wakafariki. Wengi waliungua kiasi cha kutotambulika. Ilibidi vinasaba vya ndugu walio hai vitafutwe ili marehemu wapewe majina, na ambao hawakutambuliwa walizikwa katika kaburi la pamoja. Ilikuwa imepita mwaka mmoja tu tangu watu wa nyanda hizi wachinjane kwa kuulizana asili. Moto haukuuliza. Katika kaburi lile wamelala watu ambao hakuna awezaye kusema huyu ni wa kabila gani na yule ni wa kabila gani, na udongo umewapokea wote kama wenyeji.

Nalitaja kaburi hilo kwa heshima, na kwa sababu linatufundisha mambo mawili. La kwanza, kutojulikana ni uchungu. Mzazi asiyejua mwanawe amelala wapi hahitaji kuelezwa thamani ya jina na kumbukumbu. La pili, undugu tunaoutafuta katika vitabu umekwisha kuwa kweli mahali hapa, japo kwa njia ambayo hakuna aliyeiomba.

Basi nini kifanyike? Sipendekezi somo jipya, wala sipendekezi wazazi watozwe ada nyingine. Mtaala wa umilisi unawataka wanafunzi wafanye utafiti na kuwahusisha wazazi, nayo kazi hii inahitaji daftari moja, kalamu na jioni chache za likizo. Lakini inahitaji kanuni, na ningependa kupendekeza nne.

Kanuni ya kwanza: anza na unayemjua, upande hatua kwa hatua. Andika habari za baba na mama, kisha za guka na cucu, au kugo na gogo, na usiruke kizazi ili umfikie shujaa. Ukikwama, andika kwamba umekwama.

Ya pili: usimwulize mzee swali lililobeba jibu lake. Usiseme, "Babu, si kweli kwamba sisi ndio tuliokuwa wa kwanza hapa?" Sema, "Babu, ulipokuwa mtoto, majirani zenu walikuwa akina nani?" Andika siku uliyozungumza naye, na mahali. Kisha umwulize mzee mwingine.

Ya tatu: mfuate mama pia. Nyaraka zetu zimewasahau wanawake. Kipande kilikuwa cha wanaume, na vitambulisho vya taifa havikutolewa kwa wanawake hadi sheria iliporekebishwa 1978. Mtafiti akifuata jina la baba pekee, nusu ya ukoo wake itabaki gizani, na mara nyingi nusu hiyo ndiyo yenye habari ya kabila jingine. Uafrika wa kale wa Obama ulipatikana kwa kumfuata mama.

Ya nne inamhusu mwalimu zaidi. Asimlazimishe mtoto kusoma ukoo wake mbele ya darasa. Wamo yatima, wamo waliolelewa na watu wasio wazazi wao, wamo ambao baba hatajwi nyumbani, na wamo ambao karatasi za familia ziliteketea pamoja na nyumba. Mtoto wa namna hiyo na aandike habari za anayemlea. Malezi nayo ni nasaba, na wazee wetu waliompokea mgeni wakamwita mwana walilijua hilo kabla yetu. Aidha, daftari hilo lihifadhiwe nyumbani, na mtu asiyehusika asipewe. Orodha ya koo mikononi mwa mtu mbaya ni silaha.

Nina neno pia kwa wasomaji wetu walio ng'ambo. Tangu ndege iliyoandaliwa na Tom Mboya na marafiki zake Wamarekani ilipowachukua wanafunzi 81 mnamo Septemba 1959, Wakenya wameendelea kwenda Marekani, na wengi wamezalia huko. Kwa watoto wao, mzee wa kwanza wa Marekani hatatafutwa katika hati za 1640. Ni wewe unayesoma haya ukiwa likizoni Molo au Elburgon. Baada ya miaka mia moja kitukuu chako ataulizwa, naye atauliza, yule wa kwanza alitoka wapi na kwa nini aliondoka. Mwandikie sasa. Andika jina la kijiji, si "Afrika" tu. Andika jina la mama yako mzazi. Andika na majina ya majirani ambao lugha yao haikuwa yenu.

Nimemfikiria sana John Punch. Karani wa mahakama aliyeliandika jina lake mwaka 1640 hakukusudia kumhifadhi, bali alikuwa anamfunga. Karani wa kipande naye hakuwa na nia ya kumsaidia mjukuu wa mtu yeyote. Lakini maandishi ya wakubwa wale yamebaki, na kwa sababu yamebaki, waliofungwa wanaweza kupatikana na watoto wao. Ni aibu ikiwa sisi tulio huru, wenye kalamu na shule, tutawaachia wazawa wetu kumbukumbu haba kuliko walizotuachia waliotudharau.

Mwacha asili ni mtumwa, walisema wahenga. Naongeza kwa unyenyekevu kwamba hata anayeishika asili asiyoichunguza ni mtumwa, na bwana wake ni yule aliyemsimulia. Likizo ijayo, mwanafunzi na akae na bibi yake jikoni, afungue daftari, amwulize majirani wao wa zamani walikuwa akina nani. Kisha anyamaze, asikilize.